Alama Ndogo, Hasara Kubwa: Jinsi Opereta za Lugha za Programu Zinavyoharibu Michezo ya Kompyuta

Mwezi Mei 2013, kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa marekebisho ya mchezo wake wa kompyuta uitwao Diablo III. Mchezo huo ulikuwa na soko la mnada ambamo wachezaji waliuziana silaha, mavazi ya vita na dhahabu ya mchezoni kwa fedha halisi. Moja ya mabadiliko yaliyofanywa lilionekana la kawaida kabisa: fungu la dhahabu lililoweza kuuzwa kwa bei ya chini ya senti 25 za dola lilipandishwa kutoka vipande milioni moja hadi milioni kumi. Muda mfupi baadaye, baadhi ya wachezaji waligundua kwamba wakiweka sokoni kiasi kikubwa mno cha dhahabu kisha wakaghairi tangazo lao, mfumo uliwarudishia dhahabu nyingi kuliko ile waliyoitoa mfukoni.

Soko lilifungwa kwa dharura. Kampuni ilikagua miamala, ikabaini akaunti 415 zilizonufaika na kasoro hiyo, na fedha zilizopatikana kwenye miamala hiyo zikaelekezwa kwenye misaada ya hospitali za watoto. Chanzo cha yote hayo kilikuwa hesabu iliyovuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kutunzwa katika nafasi ya biti 32 yenye uwezo wa kubeba namba hasi na chanya. Kompyuta ilikokotoa kama ilivyoagizwa. Aliyeandika agizo ndiye aliyedhani kwamba alama za hesabu alizotumia zina maana ileile aliyofundishwa shuleni.

Alama hizo, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kulinganisha na nyinginezo, wataalamu wa programu huziita opereta. Kwa macho ni vitu vidogo: msalaba, kistari, mkwaju, alama ya asilimia, mistari miwili ya usawa. Hata hivyo, kila lugha ya programu ina kanuni zake kuhusu jambo ambalo kila alama italifanya, na kanuni hizo hutofautiana kati ya lugha na lugha kwa namna inayowashangaza hata wazoefu. Suala hili linazidi kupata uzito katika ukanda wa Afrika Mashariki kwa kuwa uandishi wa programu umeanza kuingia darasani. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala (KICD) iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa somo hilo kwa shule za msingi na sekondari. Watoto wengi wanaojifunza kuandika programu huanza kwa kutengeneza mchezo, na ni katika mchezo ndipo wanapokutana kwa mara ya kwanza na alama inayowageuka.

Kujumlisha kunakorudi sifuri

Ili kuelewa kilichotokea katika Diablo III, ni vyema kurudi nyuma hadi mwaka 1980, pale kampuni ya Namco ya Japani ilipotoa Pac-Man. Mashine ya mchezo huo ilitunza namba ya hatua aliyofikia mchezaji katika baiti moja, yaani biti nane. Baiti moja hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255, basi. Ukiijumlishia moja 255, matokeo si 256 bali 0, mithili ya kihesabu kilomita cha gari la zamani kinachofika 99999 kisha kikarudi kwenye sifuri tano huku gari likiendelea na safari.

Chini ya skrini, Pac-Man huchora matunda yanayoonyesha hatua ambazo mchezaji amezifikia. Hatua ya kwanza imeandikwa ndani ya mashine kuwa 0, kwa hiyo sehemu ya programu inayochora matunda huanza kwa kujumlisha moja. Mchezaji akifika hatua ya 256, iliyoandikwa ndani kuwa 255, ujumlishaji huo unatoa sifuri. Programu inauliza: je, namba hii ni ndogo kuliko nane? Ndiyo, sifuri ni ndogo kuliko nane, kwa hiyo chora matunda kulingana na idadi hiyo. Lakini kitanzi cha kuchora hupunguza moja kwanza, ndipo huuliza kama kazi imekwisha. Sifuri ikipunguzwa moja katika baiti huwa 255, nayo si sifuri, hivyo uchoraji unaendelea hadi mara 256. Matunda na herufi zisizo na maana hufunika nusu ya kulia ya skrini, njia hazionekani, na mchezaji hawezi kuzila nukta zote 244 zinazohitajika ili asonge mbele. Mchezo uliokusudiwa usiwe na mwisho ukapata mwisho.

Mwaka uliofuata, Nintendo ilitoa Donkey Kong, na humo hesabu iliyoleta matatizo ni ya kuzidisha. Muda anaopewa mchezaji kupanda ngazi hukokotolewa kwa kuchukua namba ya hatua, kuizidisha kwa kumi, kisha kujumlisha arobaini. Hatua ya kwanza hutoa 50, inayoonekana kwenye skrini kama 5000. Hatua ya nne hutoa 80, yaani 8000. Watengenezaji walikuwa waangalifu, wakaweka kanuni kwamba matokeo yakizidi 80 yabaki 80. Tatizo ni kwamba ukaguzi huo hufanyika baada ya hesabu kukamilika. Katika hatua ya 22, kumi mara 22 ni 220, ukiongeza 40 ni 260. Baiti haiwezi kubeba 260, hivyo hubaki 4. Mkaguzi anaitazama 4, anaona haijazidi 80, anairuhusu ipite. Mchezaji anapewa 400 badala ya 8000, na shujaa wake anakufa kabla hajafika juu. Mlinzi alikuwepo, ila alikalishwa kwenye mlango ambao mwizi ameshaupita.

Hapa inafaa kutaja kisa kimoja ambacho husimuliwa sana na ambacho si cha kweli. Inadaiwa kwamba katika mchezo wa Civilization wa mwaka 1991, kiongozi wa India, Mahatma Gandhi, aliwekewa kiwango cha ukali cha 1 kwa kuwa alikuwa mtu wa amani. Kwamba taifa lake lilipochagua demokrasia ukali huo ulipunguzwa kwa 2. Na kwamba 1 kutoa 2 katika baiti isiyobeba namba hasi ikawa 255, Gandhi akageuka kuwa mrushaji wa mabomu ya nyuklia kuliko viongozi wote. Hesabu ya simulizi hiyo ni sahihi, na ndiyo sababu hutumika hata katika mihadhara. Lakini Sid Meier, mbunifu wa mchezo huo, aliikanusha katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2020. Waliobuni toleo la tano, la mwaka 2010, ndio waliompa Gandhi kwa makusudi, na kwa utani, hamu kubwa ya silaha za nyuklia. Kisa kinachoelezeka vizuri hakiwi kweli kwa sababu hiyo tu, na walimu wanaokitumia wangefanya vyema kukitaja kuwa mfano wa kubuni.

Baki isiyobaki palepale

Miongoni mwa opereta zote, hakuna inayowasumbua watengenezaji wa michezo kama ile inayotafuta baki. Katika lugha nyingi huandikwa kwa alama ya asilimia. Saba ukigawanya kwa tatu unapata mbili na baki moja. Kwa hiyo 7 % 3 ni 1. Hadi hapo lugha zote zinakubaliana. Mfarakano huanza pale namba hasi inapoingia.

Mfano mzuri ni mchezo wa nyoka, unaofahamika kwa wengi walioanza kutumia simu za mkononi miaka ya mwisho ya 1990. Katika toleo lililokuja na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, nyoka akigonga ukuta alikufa. Katika toleo la pili, lililoenea kupitia Nokia 3310, nyoka aliweza kutoka upande mmoja wa skrini na kutokea upande wa pili. Mwanafunzi anayejaribu kuuandika upya mchezo huo kwa uwanja wenye safu 20, zilizopewa namba 0 hadi 19, huona njia rahisi: kila nyoka anaposogea kulia, ongeza moja kisha tafuta baki kwa 20. Nyoka akiwa safu ya 19 anakwenda 20, na baki ya 20 kwa 20 ni 0, kwa hiyo anatokea upande wa kushoto. Inapendeza.

Sasa nyoka yuko safu ya 0 na anakwenda kushoto. Sifuri kutoa moja ni hasi moja. Baki ya hasi moja kwa 20 ni ngapi? Ukiuliza Python, jibu ni 19, na nyoka anatokea upande wa kulia kama ilivyokusudiwa. Ukiuliza C, C++, Java, C# au JavaScript, jibu ni hasi moja. Hakuna safu yenye namba hasi moja. Katika Java na C# mchezo utasimama na kutoa ujumbe wa kosa mara programu itakapojaribu kuisoma safu hiyo. Katika JavaScript nyoka atatoweka tu, kwa sababu lugha hiyo haigombi mtu akiomba kitu kisichokuwepo, humpa jibu kwamba hakijafafanuliwa na kuendelea. Katika C hali ni mbaya zaidi: programu inaweza kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyohusika na safu hizo, na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka kitu kingine kabisa kiharibike.

Tofauti hii haikutokana na uzembe. Kila lugha hulazimika kuamua gawio la namba hasi lielekezwe wapi. Hasi saba kugawanya kwa mbili ni hasi tatu na nusu. Ukitaka namba kamili unaweza kuelekea sifuri upate hasi tatu, au kushuka chini upate hasi nne. C huelekea sifuri, Python hushuka. Baki hufuata uamuzi huo, kwa kuwa ni lazima gawio likizidishwa kwa kigawanyi na kujumlishwa na baki lirudishe namba ya mwanzo. Kila upande una mantiki yake. Hata C yenyewe iliacha jambo hili mikononi mwa watengenezaji wa kompaila hadi kanuni za mwaka 1999 zilipoamua kwamba mwelekeo ni sifuri, na kabla ya hapo programu ileile ingeweza kutoa majibu mawili katika mashine mbili.

Mtego mkali zaidi umo katika Godot, jukwaa huria la kutengenezea michezo linalopendwa na wanaoanza kwa kuwa halina malipo. Lugha yake, GDScript, inafanana sana na Python kwa sura: nafasi mwanzoni mwa mstari, maneno yaleyale, mpangilio uleule. Mtu aliyejifunza Python huisoma bila taabu. Lakini alama yake ya baki hufuata desturi ya C, si ya Python. Waliobuni jukwaa hilo wanalitambua jambo hili, wakaweka amri ya pembeni, posmod, inayotoa baki isiyokuwa hasi katika hesabu kama ya nyoka. Mwanafunzi asiyeijua atakaa siku nzima akitafuta kosa kwenye mstari ambao darasani ulifanya kazi.

Kugawanya nako kuna lake, ingawa ni jepesi kulieleza. Katika C, Java, C# na GDScript, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na desimali hutupwa. Mchezaji mwenye uhai 45 kati ya 100 akitaka kuonyeshwa mstari wa uhai, 45 kugawanya kwa 100 hutoa sifuri, na mstari huonekana mtupu ingawa bado yu hai. Python ilikuwa hivyo pia hadi toleo la tatu la mwaka 2008, ambapo mkwaju mmoja ulianza kutoa desimali na mikwaju miwili ikaachiwa kazi ya namba kamili.

Ndogo kuliko, au ndogo kuliko na sawa

Mwaka 1996 nchini Japani ulitoka mchezo wa kwanza wa Pokémon kwa mashine ya mkononi ya Game Boy. Ndani yake, kila shambulio lina kiwango cha usahihi, na shambulio lililoelezwa kuwa na usahihi wa asilimia 100 lilitunzwa kama 255. Kila shambulio lilipofanywa, mashine ilichagua kwa bahati namba kati ya 0 na 255, na shambulio lilihesabiwa kuwa limefika iwapo namba hiyo ilikuwa ndogo kuliko usahihi. Tatizo liko kwenye neno “ndogo”. Mashine ikichagua 255, basi 255 si ndogo kuliko 255, na shambulio lisilopaswa kukosea linakosea. Hutokea mara moja kati ya 256, nadra kiasi kwamba mchezaji anaweza kudhani amesahau kanuni, lakini si nadra kiasi cha kutotokea kwenye pambano analolijali.

Mchezo huohuo una kasoro nyingine inayostahili nafasi kubwa zaidi ya ile inayopewa. Ipo amri iitwayo Focus Energy, ambayo mchezaji huitumia ili kuongeza uwezekano wa kupiga pigo la hatari. Ndani ya mashine, kuzidisha na kugawanya kwa mbili hufanywa kwa kusogeza biti: zikisogezwa kushoto thamani inakuwa maradufu, zikisogezwa kulia inakuwa nusu, kama vile katika hesabu za kawaida kusogeza tarakimu nafasi moja kushoto na kuongeza sifuri huzidisha kwa kumi. Mahali palipohitaji kusogeza kushoto pakawekwa kusogeza kulia. Matokeo yake, aliyetumia amri hiyo alipunguza uwezekano wake hadi robo ya kile ambacho angekuwa nacho bila kuitumia. Mamilioni ya watoto duniani walitumia zamu zao kujidhoofisha, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la bahati, ilikuwa vigumu kuligundua kwa kucheza tu.

Usawa wa aina nyingi

Shuleni alama ya usawa ni moja. Katika lugha zilizotokana na C, mstari mmoja wa usawa ni amri ya kuweka thamani, na mistari miwili ni swali la kulinganisha. Anayekusudia kuuliza “je, maisha ni sawa na sifuri?” akasahau mstari mmoja, atakuwa ameamuru “maisha yawe sifuri”, na C itaikubali sentensi hiyo kama swali halali. Mchezaji anafariki papo hapo bila sababu. Kwamba alama hii inaweza kutumiwa hata kwa hila kulidhihirika Novemba 2003, pale mtu asiyejulikana alipoingiza katika nakala moja ya msimbo wa Linux mistari iliyoonekana kuuliza kama mtumiaji ni msimamizi mkuu, kumbe kwa upungufu wa mstari mmoja ilimfanya kuwa msimamizi mkuu. Iligunduliwa mapema, kabla haijaingia kwenye mfumo rasmi.

Java ina mtego wa aina yake. Namba ikitunzwa kama kitu kamili badala ya thamani tupu, mistari miwili ya usawa huuliza kama ni kitu kilekile, haiulizi kama thamani zinalingana. Ili kuokoa kumbukumbu, Java huhifadhi tayari vitu vya namba kuanzia hasi 128 hadi 127 na kuvitumia tena na tena. Kwa hiyo alama za wachezaji wawili wenye 100 kila mmoja huonekana sawa, na za wachezaji wenye 200 kila mmoja zinaweza kuonekana tofauti. Anayejaribu mchezo wake kwa alama ndogo hataona lolote. Kasoro humngoja mchezaji hodari.

Katika Unity, jukwaa linalotumia lugha ya C#, watengenezaji waliibadilisha maana ya mistari miwili ya usawa kwa makusudi. Adui akiharibiwa mchezoni, kumbukumbu yake upande wa C# hubaki kwa muda, lakini programu ikiuliza kama adui huyo ni sawa na kitu tupu, hujibiwa ndiyo. Ni uamuzi wenye huruma kwa anayeanza. Kampuni ilipotafakari hadharani mwaka 2014 iwapo iuondoe, ilionekana wazi kwamba miradi mingi iliyokwisha kuandikwa ingevunjika. Baadaye C# ikapata opereta mpya, kiulizo kikifuatiwa na nukta, inayosema “kama kitu kipo, endelea”. Opereta hii haipiti kwenye maana iliyobadilishwa. Kwake yeye adui aliyekufa bado yupo, humwamuru ashambulie, na mchezo hutoa kosa. Alama mbili katika lugha moja, zikiulizwa swali linalokaribia kuwa moja, hutoa majibu yanayopingana.

JavaScript nayo, iliyoandikwa na Brendan Eich kwa siku kumi mwezi Mei 1995 katika kampuni ya Netscape, ilikabidhi alama ya kujumlisha kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Mchezo wa kwenye kivinjari ukisoma alama 10 kutoka kwenye kisanduku cha maandishi kisha ukaongeza 5, jibu ni 105, kwa sababu kumi ile ni maandishi. Ukitoa 5 badala ya kuongeza, jibu ni 5, kwa sababu kutoa hakuna maana kwenye maandishi na lugha huamua kuyageuza kuwa namba. Zaidi ya hapo, maandishi “10” yakilinganishwa na “9” huonekana madogo, kama neno linaloanza na herufi inayotangulia katika kamusi. Jedwali la washindi lililoandikwa bila kujua hili humweka mwenye 9 juu ya mwenye 10.

Upo pia utata wa nani atangulie. Kila mwanafunzi anajua kuzidisha hutangulia kujumlisha. Katika C, kulinganisha kwa mistari miwili ya usawa hutangulia opereta ya “na” inayofanya kazi kwenye biti. Anayetunza hali za mchezaji katika biti, moja kwa sumu, nyingine kwa ufunguo, kisha akauliza hali & SUMU == 0 bila mabano, amelinganisha SUMU na sifuri kwanza. Dennis Ritchie, aliyeibuni C katika maabara za Bell, alieleza kwamba mpangilio huo ulirithiwa kutoka wakati opereta moja ilipofanya kazi ya aina zote mbili za “na”, na kwamba ulipokuja mgawanyo, waliogopa kuharibu programu zilizokuwepo. Java na C# hukataa sentensi hiyo kwa sababu haziruhusu namba kuchanganywa na ndiyo au hapana. Python na Go zilibadilisha utangulizi wenyewe. C++ na JavaScript zimebaki na urithi huo.

Kompaila za kisasa hutoa maonyo kwa mengi ya haya: mstari mmoja wa usawa ndani ya swali, mabano yanayokosekana, gawio linalotupa desimali. Maonyo hayo aghalabu huzimwa na wanaoanza kwa kuwa huijaza skrini. Dawa nyingine ni ya kale na haina gharama: kuujaribu mchezo kwenye mipaka yake, yaani sifuri, hasi moja, 127 na 128, 255 na 256, na ile 2,147,483,647 iliyoligharimu soko la Diablo III.

Namba hiyo ya mwisho haiishii michezoni. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ilitoa agizo kuhusu ndege aina ya Boeing 787, ambazo wakati huo zilikuwa tayari zikitumiwa na mashirika ya Ethiopia na Kenya. Kihesabu kilichomo katika programu ya vidhibiti vya jenereta kingefurika iwapo ndege ingekaa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248, na vidhibiti vyote vingeweza kuzima umeme kwa pamoja, hata angani. Siku 248 na nusu ndizo zinazopatikana ukihesabu mara 2,147,483,648, kila hesabu ikichukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Agizo liliwataka waendeshaji wauzime umeme wa ndege hizo kwa vipindi vilivyopangwa.

Kikomo hichohicho kinasubiriwa katika mifumo ya zamani inayotunza saa na tarehe kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika nafasi ya biti 32. Kihesabu cha mifumo hiyo kitajaa siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, na sekunde inayofuata itasomeka kuwa Desemba 1901. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12:14 asubuhi.